Jumuiya Zetu na Wakatoliki wa LGBTQ: Tunaowapokea na Tunaowaruka

Tangu Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa lilipotoa tarehe 18 Desemba 2023 tamko la Fiducia supplicans, lililowaruhusu mapadre kuwabariki, nje ya ibada rasmi, hata wawili wa jinsia moja, karibu kila mazungumzo ya Wakatoliki wa hapa kwetu kuhusu watu wa LGBTQ yamekuwa mazungumzo kuhusu baraka: je, padre anaweza kuwabariki wawili wa jinsia moja, au hawezi? Swali hilo limejadiliwa uwanjani baada ya Misa, kwenye vikao vya WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, na kwenye makundi ya WhatsApp ya kwaya, tena kwa ukali ambao hata suala la zaka halijawahi kuupata. Nimesali katika jumuiya moja jijini Dar es Salaam kwa miaka mingi, na katika muda huo wote sijasikia wawili wa jinsia moja waliomwendea paroko wetu kuomba baraka. Nilichokiona ni familia moja ambayo Rozari ya mwezi Oktoba iliacha kufika nyumbani kwake. Kwa maoni yangu suala la mapokezi lipo hapo, na Roma ilikwisha kulisemea muda mrefu kabla ya tamko hilo kuandikwa.

Wasiokulia katika parokia za Afrika Mashariki huenda wasione uzito wa jambo hilo. Maaskofu wa nchi za AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipoamua katika miaka ya 1970 kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa msingi wa uchungaji wao, waliliweka Kanisa sebuleni mwa watu. Jumuiya ni kaya za majirani wanaokutana kila wiki, nyumba kwa nyumba, kusali na kulitafakari Neno. Ndiyo inayokusanya michango, inayowatembelea wagonjwa na inayomtambulisha Mkristo kwa paroko wake. Anayetaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kumzika mzazi wake kwa Misa huanzia kwa mwenyekiti wa jumuiya, na wengi wetu tumewahi kulisikia swali linaloulizwa msibani kabla hata jeneza halijanunuliwa: "Marehemu alikuwa anasali jumuiya gani?" Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na cheti cha ubatizo na cha kipaimara, jina lake likawa kwenye daftari la parokia, na bado akawa nje ya Kanisa kwa namna ambayo kila jirani anaielewa, bila hukumu yoyote kutangazwa wala barua kuandikwa, kwa sababu tu jumuiya imemwacha.

Mama ninayemsema, ambaye sitataja jina lake wala mtaa wake, ana kijana ambaye maneno yalianza kusemwa juu yake alipokuwa chuoni. Hakuna aliyemfuata mama huyo kumuuliza hali. Ratiba ya Rozari ya mwaka ule ilipopangwa nyumba yake ilirukwa, na sababu iliyotolewa ni kwamba sebule yake ni ndogo, ingawa sebule hiyohiyo ilikuwa imetutosha miaka yote, tena na watoto wetu wamekaa mkekani. Mwaka uliofuata hakuwapo kwenye ratiba, wala hakuonekana tena jumuiyani. Kijana mwenyewe alikuwa amekwisha kuhamia mji mwingine, na aliyebaki kubeba adhabu ni mzazi. Nimezungumza na wanajumuiya wa parokia nyingine wakaniambia kwamba mambo huenda hivyo mara nyingi: mtoto huondoka kimyakimya akiwa bado na nguvu za kuanza maisha kwingine, na mama hubaki akipita njia ya nyuma ili asikutane na wenzake wanaotoka kusali.

Sasa tazama tunavyoishi na watu wa uchumba sugu. Sijui jumuiya isiyo na watu hao, mwanamume na mwanamke wanaoishi pamoja, wana watoto, wamejenga, na hawajafunga ndoa kanisani. Mafundisho ya Kanisa juu ya hali yao hayana utata, na wao wenyewe wanayajua, ndiyo maana hubaki kwenye benchi wakati wenzao wanapokwenda kukomunika. Lakini Rozari inafika kwao. Wanasoma masomo jumuiyani, wanachangia ujenzi wa kigango, wanapika kwenye misiba, na katika jumuiya nyingine hata daftari la michango wamekabidhiwa wao. Paroko huwahimiza kila mwaka wakabariki ndoa. Baadhi huitika, baadhi hucheka na kusema "Baba Paroko, tunajipanga", na mwaka unaofuata anawahimiza tena bila kuchoka. Tunaye pia mzee mwenye wake wawili, anayehudhuria ibada kwa uaminifu unaotushinda wengi tuliobatizwa utotoni, ambaye hawezi kupokea ubatizo katika hali aliyo nayo na bado kila mtu humsogezea kiti. Uvumilivu huu hatukufundishwa kwenye semina yoyote. Tumeuzoea kwa sababu watu hao ni kaka zetu na shangazi zetu, na hakuna aliyekuwa tayari kuwapoteza kwa ajili ya unadhifu wa orodha ya waamini.

Kuna anayenijibu kwamba mfano wangu haufai, kwa kuwa wa uchumba sugu wana njia ya kutoka: wanaweza kufunga ndoa wiki ijayo wakitaka. Wengine wanaweza, ni kweli. Lakini yupo yule ambaye ndoa yake ya kwanza bado ina kifungo, aliachwa au aliacha, akaanza maisha na mwingine akazaa naye watoto ambao sasa wako sekondari. Huyo hana njia ya wiki ijayo, pengine hana njia kabisa mpaka kifo kimtenganishe na yule wa kwanza, na hatujamfukuza. Inafaa kukumbuka pia kwamba Fiducia supplicans yenyewe ilizungumzia makundi haya mawili pamoja, wanaoishi katika hali zisizo za kawaida kindoa na wawili wa jinsia moja. Katika mijadala yetu nusu ya kwanza ya tamko ilimezwa, labda kwa sababu ingetulazimisha kutajana majina.

Maaskofu wa Afrika walijibu haraka. Tarehe 11 Januari 2024, Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya SECAM, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika na Madagaska, alitia saini waraka uliosema kwamba hakutakuwa na baraka kwa wawili wa jinsia moja katika Makanisa ya Afrika, na kwamba msimamo huo ulipata ridhaa ya Papa Francisko. (Maaskofu wa Afrika Kaskazini walichukua msimamo wao, wenye mlango uliofunguliwa kidogo, jambo ambalo halikutangazwa sana huku kwetu.) Mimi siupingi waraka wa SECAM. Ninachoomba ni usomwe wote. Ndani ya waraka huohuo maaskofu wanasisitiza kwamba watu wenye mwelekeo wa kuvutiwa na jinsia yao wanapaswa kutendewa kwa heshima na kutambuliwa utu wao. Sentensi hiyo sikuisikia mimbarini. Tulisomewa katazo, tukapiga makofi, tukaenda nyumbani, na wajibu uliofungwa pamoja na katazo hilo ukabaki kwenye karatasi.

Hali ni hiyohiyo kwa Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, ambayo namba zake tatu, kuanzia 2357 hadi 2359, ndizo zinazotajwa kila suala hili linapozuka. Namba ya kwanza ni nzito, na sitaki kuipunguza makali: inafundisha kwamba matendo ya kimapenzi kati ya watu wa jinsia moja hayawezi kukubaliwa kwa hali yoyote. Najua vijana walioisoma wakafunga kitabu na wasirudi tena kanisani, na sidhani walifanya hivyo kwa kutoielewa. Waliielewa vizuri sana. Hata hivyo namba hiyohiyo inakiri kwamba asili ya mwelekeo huo katika nafsi ya mtu kwa sehemu kubwa haijaelezeka, na ukiri huo ungetosha kuwanyamazisha majirani wenye uhakika kwamba ni mapepo, ni picha za simu, au ni malezi ya mama asiye na mume. Namba 2358 inasema watu hawa si wachache, kisha inaagiza wapokewe kwa heshima, kwa huruma na kwa uangalifu, na iepukwe kila dalili ya ubaguzi usio wa haki dhidi yao. Wahubiri wetu wanapofika namba 2359 huishika kwa mikono miwili, kwa kuwa ndiyo inayosema wanaitwa kuishi usafi wa moyo. Ni kweli inasema hivyo, lakini inaeleza pia kwamba wataufikia kwa kujitawala, kwa sala, kwa neema ya sakramenti, na kwa kutegemezwa na urafiki usiotafuta faida.

Katekisimu inamwekea mtu huyu sharti gumu kuliko linalowekwa kwa wengi wetu, halafu inataja msaada atakaouhitaji ili alitimize: marafiki, sala, sakramenti. Katika parokia ya Kitanzania vitu hivyo vitatu vinapatikana wapi kama si katika jumuiya? Anayemnyima kijana huyo jumuiya kisha akamdai usafi wa moyo amempa agizo na kumnyang'anya nyenzo. Hoja hii haihitaji mtu abadilishe fundisho hata moja, na ndiyo maana nashangaa inavyokwepwa na wale wanaojitambulisha kuwa walinzi wa mafundisho.

Anayeshuku kwamba haya ni mawazo mapya ya zama za Papa Francisko aitafute barua iliyotumwa kwa maaskofu wote tarehe 1 Oktoba 1986 kuhusu uchungaji wa watu hawa. Iliandikwa na Kardinali Joseph Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto XVI, na watu wengi waliiona kuwa kali mno. Katika barua hiyohiyo kali anasema ni jambo la kusikitisha kwamba watu hawa wamekuwa wakitendewa ukatili kwa maneno na kwa matendo, na kwamba wachungaji wa Kanisa wanapaswa kuulaani ukatili huo popote unapotokea. Maneno yanatangulia matendo katika sentensi hiyo, nami naona mpangilio huo unatuhusu, kwa sababu silaha ya jumuiya ni maneno.

Hoja inayosikika zaidi mitaani ni kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Sitabishana na anayeamini hivyo, isipokuwa nitamkumbusha kwamba vifungu vya kanuni za adhabu tunavyojivunia dhidi ya watu hawa, kifungu cha 154 cha Tanzania na cha 162 cha Kenya, ni urithi wa sheria za Mwingereza. Sisi tuliongeza makali mwaka 1998, na sasa adhabu ya kifungu cha 154 ni kuanzia miaka 30 hadi kifungo cha maisha. Uganda ilikwenda mbali zaidi kwa sheria iliyotiwa saini Mei 2023, inayofikia adhabu ya kifo katika mazingira fulani, na iliyomtaka hata jirani atoe taarifa kwa polisi. Sharti hilo la kutoa taarifa lilifutwa na Mahakama ya Katiba tarehe 3 Aprili 2024, ingawa sehemu kubwa ya sheria ilibaki. Fikiria jumuiya ya watu wanaosali pamoja na kushiriki Neno, ambayo kila mmoja wao anatakiwa na sheria awe mtoa taarifa wa mwenzake.

Juu ya magereza Roma haina utata. Mwezi Desemba 2008, kwenye Umoja wa Mataifa, Vatikani ilikataa kuunga mkono tamko lililokuwa mezani kuhusu mwelekeo wa kijinsia, na papo hapo ikazitaka nchi ziondoe adhabu za jinai dhidi ya watu hawa. Januari 2023 Papa Francisko aliliambia shirika la habari la AP kwamba kuwa na mwelekeo huo si kosa la jinai, akatenganisha dhambi na jinai, na akasema maaskofu wanaounga mkono sheria kama hizo wanahitaji kuongoka. Siku chache baadaye alikuwa Kinshasa, kisha Juba, na akiwa ndani ya ndege kurudi Roma tarehe 5 Februari, pamoja na Askofu Mkuu Justin Welby wa Waanglikana na Mchungaji Iain Greenshields wa Kanisa la Scotland, aliyarudia hayo. Waraka wa Vatikani wa Dignitas infinita wa Aprili 2024, ambao unapinga vikali nadharia za jinsia, unasema katika namba ya 55 kwamba kumfunga, kumtesa au kumuua mtu kwa sababu tu ya mwelekeo wake ni kinyume cha utu wa binadamu.

Na kabla ya Francisko alikuwapo mchungaji wa hapa nyumbani. Muswada wa kwanza wa Uganda ulipowasilishwa mwaka 2009, Askofu Mkuu Cyprian Kizito Lwanga wa Kampala alisema katika ujumbe wake wa Noeli kwamba muswada huo haukufikia kipimo cha Mkristo anayejali. Alisema hivyo bila kulegeza neno lolote la mafundisho ya Kanisa. Miaka michache baadaye sauti ya viongozi wa dini nchini humo iligeukia upande wa sheria, na ujumbe ule wa Noeli ukasahaulika, jambo ambalo kwangu ni hasara kubwa, hasa ukizingatia kwamba askofu huyo alibeba majina ya wafiadini wawili wa Uganda.

Maana wafiadini nao wameingizwa humu. Kila tarehe 3 Juni, mahujaji kutoka Tanzania, Kenya, Rwanda na Kongo wanapofurika Namugongo, na katika parokia nyingi ambazo haziwezi kwenda, huhubiriwa kwamba Karoli Lwanga na wenzake waliuawa mwaka 1886 kwa kuukataa ushoga wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Historia ina mengi zaidi ya hayo. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mmoja wa wafiadini hao, aliuawa Novemba 1885, baada ya kumkaripia Kabaka kwa mauaji ya Askofu James Hannington na kuwakinga wahudumu vijana wa ikulu dhidi yake. Kizito, mdogo wao, alikuwa mtoto wa miaka 14 hivi. Kisa hiki ni cha mfalme mwenye uwezo wa kuua, aliyewataka watoto waliokuwa chini ya mamlaka yake, na cha vijana waliochagua imani yao kuliko amri yake. Anayehubiri kwa uaminifu angetoka hapo kwenda kwenye ulinzi wa watoto katika shule zetu, mabweni yetu na nyumba zetu za malezi. Badala yake kijana wa miaka kumi na tisa aliyeketi benchi la nne, ambaye hajamgusa mtu, ambaye usiku anasali apewe moyo mwingine, anaambiwa kwamba katika kisa hiki nafasi yake ni ya Mwanga. Anatoka hapo na bendera ya hija mkononi. Sioni alichokosea hata astahili kupangwa na mdhalimu, wakati yeye na wafiadini wanaabudu Mungu yuleyule.

Kwingineko duniani Kanisa limewawekea watu hawa huduma za pekee. Jijini London palikuwa na Misa kwa ajili yao huko Soho kuanzia mwaka 2007, na mwaka 2013 huduma ikahamishiwa kanisa la Wajesuiti la Farm Street, kwa agizo la Askofu Mkuu Vincent Nichols mwenyewe. Wapo Waswahili wenzetu ughaibuni wanaoishi karibu na huduma kama hizo. Huku kwetu jambo hilo haliwezekani, na sidhani ni busara kulidai, kwa kuwa kikundi kinachojulikana mahali na saa ya kukutania ni kikundi kinachoweza kuvamiwa. Hilo ndilo linaloifanya jumuiya ya kawaida kuwa na uzito zaidi, kwa sababu ikifunga mlango hakuna mlango wa pili.

Kitu kimoja ningependa tukiige, nacho ni barua. Mwaka 1997 kamati ya maaskofu wa Marekani inayoshughulikia ndoa na familia iliwaandikia wazazi wenye watoto wa namna hii, ikiwaeleza kwamba mtoto ni wao kabla na baada ya kujua, na kuwashauri mapadre namna ya kusimama nao. Papa Francisko naye, akirudi kutoka Dublin mwezi Agosti 2018, aliulizwa baba amwambie nini mwanawe aliyejieleza kwake, akajibu kwamba asali, asimhukumu, azungumze naye, ampe nafasi, na kwamba kulinyamazia jambo hilo ni kupungukiwa ubaba na umama. Barua ya namna hiyo kwa Kiswahili chetu, yenye saini za maaskofu wetu, ingesomwa jumuiyani kama zinavyosomwa barua za Kwaresima, na mama anayerukwa angekuwa na kitu cha kushika mkononi.

Kwa sasa nimeomba kidogo tu. Katika kikao cha jumuiya nilipendekeza kwamba siku moja, badala ya mada ya kawaida, tusome namba zile tatu za Katekisimu kwa sauti, zote tatu, bila kuishia ya kwanza, na paroko awepo kujibu maswali. Mwenyekiti, ambaye ni mtu mwema na mwenye kuogopa vurugu, alisema haoni haja, kwani "hapa kwetu hatuna watu hao". Dada mmoja aliyekaa pembeni, ambaye si mzungumzaji, akamuuliza kama anakumbuka mara ya mwisho mama fulani alipoonekana kusali nasi, na kwa nini. Mwenyekiti hakumjibu, ila aliniambia niliandike pendekezo hilo kwenye ajenda, na Baba Paroko ametuma neno kwamba atakuja akitoka mafungo.